Moteri Nayo Inakunywaka Mayi

— Utauzisha moteri, kisha utauzisha nini? Sufuria? Mulango?

— Nitauzisha moteri. Nimesha sema.

— Na kule Walikale nani anakungoja? Kaka yangu alienda kule kuchimba mawe ya madini. Alisema anaenda kidogo tu. Sasa iko wapi? Tunapataka tu salamu yake. Na ile salamu nayo inafikaka imechoka.

— Kaka yako hakujua kuchimba.

— Na wewe unajua? Shimo ya choo yetu, nani aliichimba? Ni mimi!

— Mama Laetitia, punguza sauti. Bantu banasikia.

— Basikie! Na ziwa nayo isikie!

Ziwa ilikuwa inasikia. Ilikuwa pale chini ya nyumba, imetulia. Ukungu ilikuwa inatembea juu ya mayi pole pole, sawa mama yenye anatafuta kitu aliangusha jana. Milima ya Masisi ilikuwa juu. Milima ingine ilikuwa ndani ya mayi, kichwa chini. Asubui sawa ile, ku kijiji ya Bweremana, hata muntu yenye anagombana anafanana na muntu yenye anaota.

Benye balikuwa banagombana ni Straton na bibi yake Nadine. Beko na mutoto moya, Laetitia, iko ku masomo. Beko na boti moya ya mbao, murefu, na moteri nyuma yake. Siku ya soko, Straton anavushaka bantu na maharagi paka ku kisiwa ya Idjwi. Akirudi, analeta mananasi. Kwanza unasikia harufu ya mananasi, kisha njo unaona boti.

Lakini tangu kiangazi, moteri iko mugonjwa. Inaondoka muzuri. Ikifika katikati ya ziwa, inakuwa moto. Inanuka. Inakufa. Fundi moya alikuya. Alibadilisha buji ya kuwasha moto. Alibadilisha mafuta. Alikula kuku. Akaenda. Moteri ikakufa tena.

Sasa Straton alichoka. Bwana moya, jina yake Patient, ananunuaka moteri za kuzeeka. Tena anapelekaka banaume ku mashimo ya Walikale. Alimwambia Straton: «Nipe moteri, mimi nakupa nafasi mu lori.» Atakuya kesho. Nadine alijua maana ya ile kesho. Banaume benye banapanda ile lori, bamoya banarudi. Bengine hapana.

— Leo ni safari ya mwisho, Straton alisema.

Akashuka ku mayi. Nadine alibaki anaangalia mugongo yake.

Boti ilikuwa ku muchanga, fasi ya kavu. Pale Bweremana boti inaita bantu na moteri. Straton anawashaka moteri pale pale ku kavu, mbele ya kusukuma boti mu mayi. Inalia mu hewa, hakuna kitu ya kuifunga kinywa. Mulio yake inapanda. Inapita mu migomba. Inapita mu mashamba ya maharagi. Inafika kule juu kwenye ngombe iko. Mama moya anasikia, anafunga mutoto ku mugongo. Mwingine anasikia, anabeba gunia. Banashuka mu ukungu, moya moya, sawa bantu benye ndoto inabaita.

Na Straton anasikiaka muzuri mu roho. Moteri yake inalia kupita moteri za bengine. Anaiacha ilie paka mama wa mwisho anafika. Leo nayo aliiacha ilie. Juu ilikuwa siku ya mwisho, aliiacha ilie hata zaidi.

Kisha banasukuma boti, banapanda, banaenda.

Mbele, na kuku zake mbili, alikaa Mama Mukasine. Iko muzee, na anakaaka paka pale. Nyuma, karibu na moteri, alikaa Mama Virginie, mwanamuke wa Butembo. Alifika Bweremana juzi juzi tu, akafungua duka ya sabuni na chumvi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda boti ya Straton.

Ukungu ilikuwa inafunguka mbele ya boti na kufunga nyuma yake. Moteri ilikuwa inasema neno moya, ile ile, ile ile, paka bantu banaanza kulala. Mama moya alicheka mu usingizi. Straton mwenyewe alikuwa anaona Walikale mu kichwa: musitu ya giza, shimo, na muntu ndani ya shimo anawasha ka-tochi. Hakuona sura ya ule muntu.

Moteri ikabadilisha sauti. Ikakohoa. Harufu ya kauchu, ya mupira ya kuungua, ikakuya. Muvuke ikatoka. Kisha kimya.

Kimya ya katikati ya ziwa iko kubwa. Bantu baliamuka juu ya ile kimya.

— Nilisema, Mama Mukasine akasema. Chini ya hii ziwa iko moto. Ile mulima ya moto ya Goma iko na mizizi, na mizizi yake inafika paka hapa. Mayi inachemuka kule chini. Moteri inapita juu yake, inaungua.

Bantu balitikisa kichwa. Straton nayo alitikisa kichwa. Aliamini ile neno tangu zamani. Akachukua sahani ya kutoa mayi mu boti, akaijaza, akainua kusudi aimwangie moteri ile mayi.

— Papa! Weka chini ile sahani!

Ilikuwa Mama Virginie.

— Moteri iko moto sana. Ukiimwangia mayi ya baridi, chuma inapasuka. Pale utaiuzisha kweli, lakini kwa muntu wa kutengeneza sufuria.

— Mama, si wewe unauzishaka sabuni?

— Ninauzisha sabuni. Lakini nilizaliwa Kyavinyonge, ku ziwa ingine. Baba yangu alikuwa na boti. Nilikula samaki za moteri, nikavaa nguo za moteri. Kule hata kiboko inajua moteri. Kaa chini, iache ipoe yenyewe.

Straton akakaa. Mama Virginie akageuka mbele.

— Mama Mukasine, weka mukono mu mayi.

Muzee akaweka mukono.

— Iko namna gani?

— Baridi.

— Baridi namna gani?

— Baridi ya kuumiza meno.

Bantu bakacheka, juu Mama Mukasine iko na meno kidogo tu.

— Basi, moto haitoke mu ziwa, Mama Virginie akasema. Iko mu moteri yenyewe. Papa Straton, ukilima mu jua bila kunywa mayi, inakuwa namna gani?

— Ninaanguka.

— Moteri nayo vile vile. Inatumika, inatoa jasho, inataka mayi. Angalia mukulu yake, ile muguu yenye inaingiaka mu ziwa. Iko matundu kidogo kidogo. Ile njo kinywa. Mayi ya ziwa inaingia pale. Ndani iko pompe. Pompe inasukuma mayi juu. Mayi inazunguka mu moteri, inabeba ile moto, inatoka inje. Na ingine kidogo inatokea hapa nyuma, mu hii ka-shimo, sawa kamba. Kwetu tunaiita mukojo ya moteri. Wewe, mara ya mwisho uliona mukojo ya moteri yako ni wakati gani?

Straton akajikuna kichwa.

— Mama, mimi sichunguliake muntu akikojoa.

Boti yote ikacheka paka ikatikisika. Mama Virginie nayo akacheka, lakini hakuacha.

— Hii, uichungulie! Kila safari. Ukiwasha, angalia nyuma. Mukojo iko na nguvu? Enda. Iko kidogo sawa ya muzee? Kuko kitu. Haiko? Zima mara moya. Usiseme «nitafika tu». Hautafika.

Moteri ilipoa. Straton akaivuta juu, akaangalia kinywa yake. Ka-sashé ya nyeusi, ka-mufuko ka plastiki, ilikuwa imejifunga pale, imefunika matundu.

— Eeeh! bantu bakapiga makofi. Ni sashé! Ni sashé tu!

Straton akaitoa. Akashusha moteri mu mayi, akavuta kamba. Moteri ikalia. Mukojo ikatoka. Kila muntu akainama kuiangalia, hata mama mwenye alikuwa ananyonyesha. Ilikuwa nyembamba sawa uzi. Kisha ikakuwa matone. Kisha hakuna.

— Zima!

Straton akazima. Sura yake ikaanguka.

— Pole pole, Mama Virginie akasema. Ugonjwa inaweza kuwa mbili mu mwili moya. Kinywa sasa iko safi. Tuangalie mwisho ya njia.

Akatoa ka-jiti moya ku fagio ya mama mwenzake, akaingiza mu shimo ya mukojo, pole pole. Haikuwa imeziba.

— Kinywa iko wazi. Kule kwa kutokea iko wazi. Inabaki nini?

— Katikati, Straton akasema. Pompe.

— Umesema wewe mwenyewe. Sasa turudi. Hii haitengenezwake mu ziwa.

Bakashika makasia. Ukungu ilikuwa imeisha. Boti ilikuwa inaenda pole sana, na mayi ilikuwa safi paka uliona kasia inaingia, inakunjika, inanyooka tena. Hakuna muntu alikuwa na haraka. Mawingu ilikuwa chini ya boti. Ulikuwa unapiga kasia mu wingu.

Mama Virginie alikuwa anawaza.

— Papa Straton. Leo asubui moteri ilikuwa inalia. Niliisikia mu duka yangu. Ilikuwa inalia mu nini?

— Inalia mu nini namna gani?

— Mukulu yake ilikuwa mu mayi?

— Apana. Ku kavu. Ninaitaka bantu. Ikiwa mu mayi, sauti inamezwa. Bale ba juu hawasikie.

— Unafanyaka vile kila siku ya soko?

— Kila siku. Na ninaiacha ilie muzuri.

Mama Virginie akafunga macho.

— Mungu wangu. Sikia. Mu ile pompe iko ka-gurudumu ka kauchu. Tunaiita turbini. Iko na bidole. Inazunguka mbio sana, inakwaruzana na chuma. Mayi njo inaifanya iteleze. Bila mayi, inaungua. Hata kidogo tu, inaungua. Papa, wewe unaikaangaka sawa samaki za sambaza bila mafuta! Kila siku ya soko!

Straton aliacha kupiga kasia. Boti ikaanza kugeuka yenyewe.

— Kumbe ni mimi, akasema.

— Ni sauti yako tamu. Piga kasia.

Balifika ku muchanga. Nadine alibaona banakuya na makasia. Alileta kle ya kufungulia na beseni ya kuwekea bulo, zile misumari ya kuzungusha, kusudi zisipotee mu muchanga. Straton akafungua bulo ya mukulu, akaachanisha ka-chuma ya kubadilisha vitesi, ya kuenda mbele na nyuma, kama Mama Virginie alivyomuonyesha. Bakashusha mukulu. Bakafungua kifuniko ya pompe.

Turbini ilikuwa pale. Bidole bingine bilikuwa bimekauka, bimepasuka. Bingine bilikatika. Ilikuwa sawa ua yenye mbuzi imekula.

— Byenye bilikatika biko wapi? Mama Virginie akauliza.

— Bilipotea.

— Habipoteake. Bilipanda na mayi. Bitafute mu njia. Ukibiacha kule, bitaziba, na turbini mupya nayo haitapeleka mayi.

Nadine iko na bidole nyembamba kupita bwana yake. Njo yeye aliingiza fidefer, uzi ya chuma, mu ka-mupira ya mayi, akatoa kipande moya. Kisha ingine. Akabipanga mu mukono karibu na turbini, akahesabu bidole. Moya ilikuwa inakosa. Akatafuta tena. Akaipata. Ilikuwa ndogo sawa punje ya maharagi. Nadine akaiangalia sana.

— Hii njo ilitaka kukupeleka Walikale? akasema.



Mama Virginie akapiga telefone kwa ndugu yake Mbusa, mwenye anauzisha vipande ya moteri ku Goma.

— Papa Straton, soma pale ku moteri. Aina yake na nguvu yake. Yote, usirukishe. Turbini zinafanana, lakini hazina kipimo moya.

Straton akasoma. Mbusa akatuma turbini na boti ya mangaribi.

Kesho yake asubui bakaiweka. Mama Virginie akachukua sabuni yake mwenyewe, akatengeneza povu kidogo, akapakaa ku kauchu.

— Sasa izungushe ikiingia, upande ule ule yenye moteri inazungukiaka. Bidole byote bilale upande moya. Ukiilazimisha upande ingine, unaivunja mbele ya kuitumikisha. Muzuri. Na kila mwaka, fungua uangalie. Usingoje ikuite katikati ya ziwa.

Bakafunga bulo zote. Straton, mukono yake ikaenda yenyewe ku kamba ya kuwasha. Boti ilikuwa ingali ku kavu.

— Straton! Nadine na Mama Virginie bakapiga kelele pamoja.

Akatoa mukono sawa muntu yenye ameshika moto.

Bakasukuma boti paka mukulu ya moteri ikazama muzuri, mbali na muchanga. Njo akavuta kamba. Moteri ikasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, sawa muntu yenye anasema akifunika kinywa na nguo. Na kule nyuma, mukojo ikatoka. Ilikuwa nene. Ilikuwa na nguvu. Ilipiga mayi ya ziwa, ikafanya povu. Straton akaweka mukono: vuguvugu tu.

— Muzuri, akasema. Lakini nani atanisikia kule juu?

Kweli, hakuna muntu alikuwa anashuka. Milima ilikuwa imelala.

Nadine akapanda ku jiwe kubwa yenye iko nyuma ya nyumba. Akaweka mikono ku kinywa. Akaita sawa bamama ba Masisi banaitanaka toka kilima paka kilima, neno moya, murefu, yenye inaenda inapanda:

— Idjwiiii-eeee!

Ikanyamaza. Kisha, ku migomba, mama moya akaitika, akaita naye: «Idjwiiii-eeee!» Kisha ingine, mbali zaidi, karibu na ngombe. Sauti ikaenda kilima kwa kilima paka hakuna muntu angejua nani aliianza. Na bantu bakaanza kushuka na magunia yenye haikufika jana.

— Mimi nilikuwa nasikiaka ile sauti yako mu nyumba tu, tukigombana, Straton akasema. Nilikuwa naionaka ni hasara.

— Nyamaza, uangalie mukojo yako, Nadine akasema toka ku jiwe.

Balienda Idjwi. Moteri haikukohoa. Pale katikati, fasi yenye ilikuwa inakufiaka, Mama Mukasine aliweka mukono mu mayi.

— Ingali baridi, akasema, sawa muntu yenye hajafurahi sana.

Balirudi na mananasi. Karibu na Bweremana, mayi ikapungua. Zamani Straton alikuwa anaendesha paka juu ya muchanga, moteri inalia, kusudi bamama bashuke bila kulowana. Pompe ilikuwa inakunywa muchanga. Leo Mama Virginie alikuwa amemwambia aache vile. Straton akazima moteri kungali mbali, akaivuta juu.

— Na sisi? Mama Mukasine akauliza.

— Mutakanyaga mayi kidogo, mama.

— Tunalipa kusudi ya kulowana?

— Munalipa kusudi ya kufika.

Mama Mukasine akashika kuku, akainua kikwembe, akashuka anatukana pole pole, na harufu ya mananasi ikamufuata.

Ku muchanga, Patient alikuwa anangoja. Alikuya na vijana babili ba kubeba moteri. Mu mukono alishika botte mupya, biatu murefu ya kauchu, ya kuingia mu shimo.

— Papa Straton! Lori iko Sake. Dereva anatupigia telefone. Nilikuletea na botte. Angalia, ni kipimo yako.

Nadine alikuwa pale, na beseni ya mananasi ku kichwa. Hakusogea.

Straton akaangalia zile botte. Zilikuwa muzuri. Kisha akaangalia barabara yenye inapanda, na musitu yenye hakuiona bado.

— Rudisha hizi, Patient. Siuzishi. Na mimi siendi.

— Ile moteri itakufa tena.

— Siku moya itakufa. Lakini nitajua inakufa na nini. Kule mu shimo yako sitajua kitu.

Patient akacheka, akaweka botte mbele ya miguu ya Straton, juu ya muchanga.

— Zibaki. Utaniita.

— Chukua botte yako, Straton akasema. Niko na safari siku ya soko. Na iyo ingine yenye inafuata.

Patient akangoja. Akaangalia Nadine, sawa muntu yenye anatafuta musaada. Macho ya Nadine ilikuwa imejaa machozi, na hakutaka hata muntu moya aone. Akashika beseni yake na mikono mbili, akageuka, akapanda njia ya nyumba.